Taji Lisilo na Dhahabu

Mtu anayeingia karakana yangu na kunikuta nikishona taji huuliza kwanza dhahabu iko wapi. Simlaumu, kwa maana neno lenyewe huwaletea wengi sura ya mfalme. Kazi yangu ni kutengeneza ngozi za kuandikia na kunakili maandishi ya kale, na taji ninalolieleza hapa, lile la vitabu vya sihiri vya Ulaya vinavyonasibishwa na Nabii Suleimani, ni utepe wa ngozi wenye maandishi. Ni jepesi kiasi kwamba aliyelivaa huweza kusahau kuwa analo kichwani.

Maelezo yake yanayojulikana zaidi yamo katika Ufunguo wa Suleimani, ambao mwanasihiri Mwingereza Samuel Liddell MacGregor Mathers aliuhariri kutokana na hati za mkono zilizokuwa British Museum na kuuchapisha London mwaka 1889, mwaka mmoja baada ya kushiriki kuanzisha chama cha siri cha Golden Dawn. Kitabu hicho kinamtaka mkuu wa ibada avae mavazi ya kitani na viatu vya ngozi nyeupe, kisha ajiwekee taji la karatasi bikira lenye majina manne ya Mungu: Yodi He Vavu He, yaani herufi nne za Kiebrania za jina kuu, mbele, Adonai nyuma, El upande wa kulia na Elohim upande wa kushoto. Wanafunzi wake nao huvaa mataji ya namna hiyo, ila alama zao huandikwa kwa rangi nyekundu.

Karatasi bikira ni kitu kipya, safi, kisichowahi kutumika kwa kazi nyingine yoyote; na inapokuwa ngozi, hutakiwa itokane na mnyama ambaye hajafikia umri wa kuzaa. Mimi hutumia ngozi ya mwanambuzi. Huilowesha katika maji ya chokaa mpaka manyoya yaachie, huiwamba kwenye fremu, na huiparua kwa kisu chenye umbo la mwezi mwandamo huku ikikauka, kwa kuwa ni mvutano huo wa kukauka, wala si dawa yoyote, unaoigeuza ngozi kuwa kitu cha kuandikia. Kalamu, kwa agizo la kitabu, ni unyoya wa tatu wa bawa la kulia la kinda dume la bata bukini. Wino ninaoutumia ni ule wa zamani wa Ulaya, unaopikwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Huandika kwa rangi hafifu, kisha huwa mweusi kadiri unavyokutana na hewa.

Taji langu la kwanza liliharibika kwa kosa la kitoto. Nilikata utepe wa sentimita 60, nikaandika majina yote kwa uangalifu, halafu nilipounganisha ncha mbili kwa nyuma, mshono ukalipasua jina la Adonai katikati. Tangu siku hiyo huuweka mshono kati ya kushoto na nyuma, na hupima kichwa kabla ya kuchovya kalamu. Herufi za Kiebrania nazo zinahitaji utulivu, maana He ikifungwa kidogo tu juu ya mguu wake wa kushoto inakuwa Heti, na jina linakuwa si jina tena. Hati za zamani zimejaa makosa ya aina hiyo, yaliyoachwa na wanakili wasioijua lugha waliyokuwa wakiinakili.

Kwa nini pande nne? Mkuu wa ibada husimama ndani ya duara lililochorwa ardhini kwa kamba ya futi 9, na duara hilo lina majina yake ya Mungu, ambayo kitabu huyaweka kati ya mashariki na kusini, kati ya kusini na magharibi, na kuendelea hivyo mpaka mzunguko ukamilike. Majina ya duara hayasogei. Ya taji huzunguka pamoja na mvaaji, hata akigeukia upande gani, jina kuu humtangulia na mgongo wake hauachwi wazi. Kwa hiyo mimi hulisoma taji hili kama duara dogo linalovaliwa, na kwa maoni yangu liko karibu zaidi na hirizi kuliko lilivyo na kofia ya enzi. Asili ya wazo haifichiki: katika Kutoka 28, kuhani mkuu huvaa kwenye paji la uso bamba la dhahabu safi lililochongwa maneno ya utakatifu kwa Bwana.

Dhahabu ilirudi baadaye kwa nguvu. Kitabu cha Abramelin, kingine cha sihiri ambacho pia Mathers alikitafsiri, kinataja utepe wa hariri na dhahabu. Aleister Crowley, mwanasihiri Mwingereza, katika sehemu ya pili ya kitabu chake kiitwacho Kitabu cha 4, alieleza taji la dhahabu tupu lenye nyota tatu za pembe tano mbele na moja ya pembe sita nyuma, likiwa limezungukwa na nyoka wa dhahabu aliyeinua kichwa kama wa mafarao. Kwa Crowley, taji ni alama ya kazi iliyokwisha kufikiwa. Lile la ngozi huvaliwa na mtu ambaye kazi yake ndiyo kwanza inaanza, naye anahitaji kinga.

Wateja wachache huniomba nilipake taji la ngozi rangi ya dhahabu ili lipendeze. Huwakatalia: rangi hiyo hupasuka ngozi inapojikunja kwa unyevu wa jasho, na vipande vyake hubanduka pamoja na wino.