Maumivu ya kifua yasiyo ya moyo: maana yake hasa

Kiswahili chenyewe kinatuchanganya kidogo hapa. Pale chini ya ncha ya mfupa wa kidari tunapaita chembe cha moyo, ingawa kinachokaa pale ndani ni tumbo la chakula. Kwa hiyo mtu akimwambia daktari "moyo unaniuma", huenda tatizo ni tindikali, mbavu, mapafu, au kweli moyo.

"Maumivu ya kifua yasiyo ya moyo" ni jina la kundi zima, si la ugonjwa mmoja. Linasema moyo umechunguzwa na hauonekani kuwa chanzo, basi kitafutwe chanzo chenyewe. Ndiyo maana inaniuma kusikia mgonjwa ameambiwa "huna kitu, nenda nyumbani". Kitu anacho.

Tuseme mama wa miaka 38 anayeishi kwa kufua nguo za watu. Siku ya nne sasa anachomwa kifuani upande wa kushoto, zaidi akigeuka kitandani au akikamua shuka. Daktari wa familia humsikiliza kwanza, kisha humwambia: "Mama, nioneshe panapouma." Anaonesha kwa ncha ya kidole kimoja. Mwenye maumivu ya moyo mara nyingi huweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua, akisema kama amekaliwa na mzigo. Daktari anabonyeza taratibu pale ubavu unapoungana na kidari, kwenye gegedu, na mama anashtuka: "Hapo hapo, daktari!" Hayo ni maumivu ya ukuta wa kifua, yanayoongoza miongoni mwa wanaofika kwa madaktari wa familia wakilalamikia kifua.

Wengine ni kiungulia: kifua kinawaka baada ya kula au wakilala. Kichomi kinachozidi ukivuta pumzi, pamoja na homa na kikohozi, huelekeza kwenye nimonia, na kikohozi cha wiki mbili na zaidi kinataka kipimo cha kifua kikuu. Mkanda wa jeshi unaweza kuuma siku kadhaa kabla vipele havijatoka. Hofu kali nayo hubana kifua, na maumivu yake ni ya kweli kabisa.

Huko Ujerumani, watafiti wa Marburg walitengeneza kipimo cha maswali matano kwa ajili ya madaktari wa familia. Je, ni mwanamume wa miaka 55 na zaidi, au mwanamke wa 65 na zaidi? Ana ugonjwa wa mishipa ya damu unaojulikana? Maumivu yanazidi akijitahidi? Yanashindwa kuamshwa kwa kubonyeza? Na yeye mwenyewe anadhani ni moyo? Kila "ndiyo" ni alama moja. Akipata 0 hadi 2, uwezekano wa moyo ni mdogo. Swali la mwisho nalipenda sana, kwa sababu linayapa uzito mawazo ya mgonjwa.

Uwezekano huo ni mdogo, lakini haujaisha. Kifua kinaweza kuuma kikibonyezwa na bado moyo ukawa na tatizo. Nafuu baada ya dawa ya tindikali haithibitishi kwamba ni tumbo. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata shambulio la moyo bila ule mbano unaojulikana. Kwa hiyo daktari akiwa na shaka hupima umeme wa moyo au humpa mgonjwa rufaa. Nawe ukibanwa kifua kwa jasho jembamba, pumzi ikakata, au maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Yule mama wa kufua, baada ya maswali yote, ataelezwa kwa jina kinachomuuma, apumzishe mkono, na apewe dawa ya maumivu baada ya kuulizwa kama ana vidonda vya tumbo, maana baadhi ya dawa hizo huvichokoza. Ataambiwa pia inaweza kuchukua wiki kadhaa, na arudi mapema akianza kuumwa anapopanda ngazi.