Eti Ulaya hakuna joto? Jamani!

Kila mtu akisafiri mwezi wa saba utasikia "beba sweta, Ulaya baridi", na mtu wa Dar anajiaminisha kabisa joto la kule halimwezi, we umekulia Temeke bana. Sio kweli hata kidogo.

Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilifika nyuzi 40.3, Paris 2019 ilipiga 42.6, na sisi Dar mwezi huohuo tuko kwenye kipupwe, hata ile Februari yetu ya kutoa jasho haifiki huko. Afu shida kubwa ni majengo, nyumba nyingi za kule zimejengwa kutunza joto la ndani kwa ajili ya baridi, kiyoyozi hamna, feni ya dari hamna, Paris vyumba vya juu vimekaa chini ya bati la zinki yani ni oveni. Treni nyingi za London zinazopita chini kabisa ya ardhi, kama za njia ya Central, nazo hazina AC, na watu wamebanana kama daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Na jua halizami mpaka saa tatu usiku. Dada yangu, beba kanga nyepesi na chupa ya maji.