Farasi wa Gari Wanapimwa Wapi?

Juzi tena, barazani Malindi, ami mmoja alitoa simu kutuonyesha Jaguar E-Type ya 1961. "Hii ina farasi 265," akasema, "tena farasi halisi." Kahawa ikanipalia. Farasi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni hilo "halisi".

Maana tuimalize haraka. Nguvu ya farasi, au hospawa kama wasemavyo mafundi, ni kipimo cha kazi inayofanyika kwa muda fulani. Si sisi (cc) za injini. Sisi ni ujazo wa silinda, na kila siku watu wanavichanganya.

Jina limetokana na biashara. Karne ya 18, James Watt alikuwa akiwauzia mashine za mvuke watu waliozoea kuzungusha vinu kwa farasi. Mteja wa namna hiyo haulizi habari za mvuke, anauliza atapunguza farasi wangapi bandani. Watt akakadiria: farasi mmoja huinua ratili 33,000 kwa futi moja ndani ya dakika moja. Ndiyo wati 746. Wajerumani na Wafaransa, wasiotaka ratili, wakaweka wao: kilo 75, mita moja, sekunde moja. Ikatoka wati 735 na ushei, kwa hiyo farasi wa bara la Ulaya amekonda kidogo. Wafaransa wakazidi kututia kizunguzungu na farasi wa kodi, yaani namba ya kukadiria kodi ya gari, si nguvu yake. Citroën 2CV maana yake ni farasi wawili, lakini ilipoonyeshwa 1948 injini yake ilitoa kama 9.

Sasa hao 265 wa ami. Zamani, hasa kwa soko la Marekani, injini ilipimwa ikiwa nje ya gari. Inafungwa kwenye stendi, shafti yake inabanwa na breki ya kupimia, kisha inaendeshwa haina feni, haina kisafisha hewa, na moshi unatoka bila kupitia sailensa. Mtu aliyevua viatu na kanzu lazima akimbie vizuri! Mwaka 1972 Wamarekani wakaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Chevrolet Corvette yenye injini ya LT-1, iliyoandikwa 330 mwaka 1971, ikaandikwa 255. Injini karibu ile ile, farasi 75 wametoroka zizini.

Na hata hao 255 hawafiki wote barabarani. Pandisha gari kwenye mashine ya rola zinazozungushwa na magurudumu, lifunge mikanda lisiruke, kanyaga mafuta: kinachosomeka ni kilichobaki baada ya giaboksi na difu (gia zinazogawia magurudumu nguvu) kuchukua chao. Wapo wanaoongeza asilimia 15 juu ya namba ya rola wakadai wameipata ya injini. Hayo ni makisio, maana giaboksi mbili hazili sawa, na mafuta baridi yanakula zaidi.

Mvuvi wa mashine ya 40 hana taabu hii, mashine za boti siku hizi hupimwa kwenye shafti ya propela.

Basi ami, hukusema uongo. Ile 265 kiwanda kiliitangaza kweli. Ila ukiitaja, sema "kwenye stendi", na lile neno "halisi" liweke mpaka siku Jaguar itakapopanda rola.