Mount Mbeya haijawahi kufika Mbeya

Jamani hili la kwamba zamani treni za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, zilikuwa zinavutwa na vichwa vya mvuke vinavyokula makaa ya mawe ya mgodi wa Kiwira naomba tuliache. Juzi tena mtu kaniletea orodha ya vichwa vya mvuke vya klasi ya 59 vya Reli ya Afrika Mashariki, kaona humo kuna Mount Mbeya, Mount Rungwe na Mount Mtorwi, akaniambia unaona fundi, vilikuwa vya huku kwetu. Hapana! Reli hiyo ilivipa tu majina ya milima ya Kenya, Uganda na Tanganyika, basi. Vilikuwa 34, vikatengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kazi yao ilikuwa Mombasa–Nairobi. Reli yetu ya TAZARA imejengwa miaka ya 70 na imeanza na dizeli za Kichina.

Na hata ungevileta visingepita, reli yao ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067, ndo maana pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo hauwezi kuvuka bila kuhamishwa behewa kwa behewa. Makaa nayo sio, vilichoma mafuta mazito. Mimi kwenye boila za kiwanda cha chai nachoma kuni na mvuke unatoka vilevile.

Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni hii ya kusema klasi ya 59 ni "vichwa viwili vimeungwa". Hiyo ni Garratt, aina ya kichwa cha mvuke, boila ni moja! Imekaa katikati juu ya fremu yake, na fremu imeegemea injini mbili, moja mbele moja nyuma, kila injini ina silinda zake na magurudumu manane ya kuvuta na inajikunja yenyewe kwenye kona. Sasa kwa vile chini ya boila hakuna gurudumu, unaweza kuifanya nene unavyotaka na kikasha cha moto ukakipanua, halafu uzito wa tani 250 na kitu unagawanyika kwenye ekseli 14. Pamoja na mgawanyo huo ekseli ya kuvuta ilikuwa inakandamiza kama tani 21, reli nyepesi haiwezi kubeba hiyo.

Kati ya hizo 34 zimebaki mbili tu, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote makumbusho ya reli Nairobi, na zote zina majina ya milima ya Tanzania. Gelai iliwahi kufufuliwa ikatembea tena na roho yangu ilifurahi kweli, ila kuna kitu kinanisumbua. Boila ukitaka ibebe presha tena lazima ung'oe mirija, ubadili stei (vyuma vinavyoshikilia kuta za boila zisitanuke), ukate bati lililoliwa na kutu, na kila unachotoa ni kazi ya mikono ya mafundi wa 1955. Ukiiacha imepoa na rangi juu, kutu inaila kwa ndani taratibu na mtu wa nje haoni. Nabadilika kila nikiwaza, ila kwa kuwa ziko mbili, mimi ningeiwasha Gelai na Shengena nisiiguse hata ribiti moja, nikaushe tu maji yote yaliyobaki ndani na kuifunika mvua isiingie kwa bomba la moshi.