Daktari, nimebakiza miaka mingapi?

Swali hili hupenda kuja mlangoni. Juzi lilikuja mzee akifunga vifungo vya shati, mimi nimeshainamia faili. Saratani yake ya utumbo mpana ilikatwa miaka miwili iliyopita. Sasa picha ya CT inaonyesha vivimbe viwili kwenye ini. Damu ya utumbo hupitia ini kwanza, na seli za saratani hupanda gari hilohilo.

Mimi huanza na alama za Fong, hesabu ya kukadiria hatari ya ugonjwa kurudi baada ya ini kukatwa. Mwaka 1999, Yuman Fong na wenzake wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, walichambua wagonjwa 1,001 waliokatwa sehemu ya ini kwa ugonjwa huu. Kila "ndiyo" ni alama moja: tezi za limfu karibu na uvimbe wa kwanza zilikuwa na saratani? Ini liliugua kabla ya miezi 12 kupita? Kuna uvimbe zaidi ya mmoja? Ulio mkubwa umezidi sentimita 5? Kipimo cha damu cha CEA kimezidi 200?

Wasio na alama, 60 katika kila 100 walitimiza miaka mitano. Wenye tano, 14. Lakini tazama katikati: kwa wenye alama tatu walitimiza 20, kwa wenye nne 25! Hakuna anayepona kwa kuongezewa alama. Watu wakigawanywa vikundi vidogo, hesabu huyumba. Isitoshe, wagonjwa wale walipasuliwa kabla ya dawa nyingi tunazotumia leo, na hakuna aliyeuliza habari za jeni. Uvimbe wenye mabadiliko kwenye jeni iitwayo KRAS una tabia ya kurudi mapema, ndiyo maana alama mpya zaidi, za GAME za mwaka 2018, zinaihesabu. Binafsi natazama pia jambo ambalo Fong hakulihesabu: je, uvimbe ulisinyaa kwa dawa kabla ya kisu, au ulikua machoni petu?

Kwa hiyo alama hazinipi miaka ya mtu. Zinanisaidia kuamua nani aanze na dawa, nani nimwite mara kwa mara, maana ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na ukiwahiwa ini huweza kukatwa tena.

Mzee alikuwa na mbili: tezi, na idadi ya vivimbe. Nikamweleza hayo yote. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa daktari, msimu huu nilime?"

"Lima, mzee wangu. Ila ukishapasuliwa, jembe ashike kijana, na kila miezi mitatu nikuone hapa."