Je, wajua jiwe nalo linaweza kufa? Ukihifadhi mawe hai ya tangi la maji chumvi soma hii kwanza

Mwezi wa saba mwaka juzi nilikuwa nahama Sakina kwenda Njiro, hapahapa Arusha, tangi langu la samaki wa maji chumvi ikabidi lifumuliwe, nyumba mpya fundi rangi bado hajamaliza, samaki wangu watatu nikamkabidhi rafiki mwenye tangi kubwa, mawe nikayatia kwenye ndoo mbili na maji ya tangi lenyewe, nikafunika, nikaweka stoo. Nikajua nimemaliza. Siku ya tatu nafungua kifuniko napigwa na harufu ya yai viza, maji meupe kama ya kuoshea mchele, na chini ya jiwe kubwa minyoo midogo midogo imejikunja imekufa. Jiwe lile nilikuwa nalo miaka minne, iliniuma sana.

Sasa jiwe linaozaje?

Jiwe lenyewe ni kweli halina uhai, ni chokaa, mifupa ya matumbawe ya zamani, ndugu wa yale mawe waliyojengea majumba ya kale kule Kilwa na Unguja. Walio hai ni wapangaji. Ukilivunja unakuta limetoboka matundu matundu mpaka kati, kama mkate wa kumimina, na kila tundu lina watu wake: bakteria wasiohesabika, sponji (wanyama wa bahari, si za godoro), minyoo, vidudu jamii ya kamba wa baharini, na juu kabisa ule mwani mgumu wa zambarau unaolipa jiwe rangi. Bakteria wa huku nje, penye hewa, wanachukua amonia, ile sumu inayotoka kwa samaki na kwenye chakula kilichobaki wanaigeuza nitriti, wenzao wanaipokea nitriti wanaigeuza nitrati, afu kule ndani kabisa hewa isikofika kuna kundi jingine linaivunja nitrati inakuwa gesi ya naitrojeni, inapanda juu inajiondokea, gesi ileile ambayo ndo asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Miaka ya 1960 kule Jakarta kulikuwa na bwana anaitwa Lee Chin Eng, aliwashangaza wafugaji wenzake kwa matangi yenye mawe ya bahari, mwanga wa jua na mapovu ya hewa tu, na viumbe wake wakaishi. Kazi ya kusafisha ilikuwa inafanywa na mawe.

Ndo maana ndoo iliyofunikwa inaua. Karibu wapangaji wote hao wanavuta oksijeni, na maji chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi: kwenye digrii 25, usawa wa bahari, maji baridi yanabeba kama miligramu 8 kwa lita, ya bahari 6.7 hivi. Huku Arusha tuko karibu mita 1,400 juu, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa Tanga au Dar, kwa hiyo unashuka chini ya 6 hata kabla jiwe halijavuta chochote. Maji yakitulia hewa inaisha, sponji na minyoo wanatangulia, wakioza wanatoa amonia zaidi na wanakula hewa iliyobaki, mwisho wanatawala wale bakteria wasiohitaji hewa kabisa, wanatumia salfeti (maji ya bahari yanayo tele) na wanatoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Hiyo ndo yai viza, na ni sumu, maji yale usiyarudishe kwenye tangi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni pampu ya kuzungusha maji, usiku na mchana, na kifuniko kiachwe wazi upande. Mi sasa natumia pipa la plastiki la lita 60 ambalo halijawahi kuwekwa dawa ya shamba wala rangi, chini nimepanga vipande vya bomba la plastiki ili mawe yasikae kwenye sakafu ya pipa, maji yapite mpaka chini, na mawe yenyewe nayapanga kwa kuachana. Hita ya wati 100 inashika digrii 25. Usidharau hita, usiku wa Julai hapa nje inashuka mpaka digrii 12 hivi, na stoo ya bati haizuii chochote.

Chumvi ndo wengi wanakosea. Maji yanapopungua kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki, pipa la lita 60 lenye gramu 35 kwa lita likipungua lita 3 tu unakaribia 37. Kwa hiyo chora mstari kwa maka peni na kila siku rudishia kwa maji yasiyo na chumvi. Sasa maji gani? Wa Arusha tunajua maji yetu, meno ya watu yanasema, maeneo mengi ya Meru floraidi, ile madini inayotia meno rangi ya kahawia, iko juu ya ile miligramu 1.5 inayoshauriwa kwa kunywa, wakati bahari yenyewe ina kama 1.3, ukijazia kila siku maji ya bomba floraidi inajikusanya tu pamoja na mengine. Tumia yaliyochujwa kwa mashine. Na kamwe usisuuze mawe kwa maji ya bomba, klorini inaua na hata bila klorini vidudu vya bahari vinapasuka kwa maji baridi, suuza kwa maji ya tangi uliyotoa.

Taa haina haraka, bakteria hawaihitaji, ila ule mwani wa zambarau utapauka polepole, na kama kuna tumbawe hai limeshika hapo basi taa ni lazima. Chakula kidogo mno, kipande cha nyama ya kamba wa baharini kama punje ya harage kwa wiki, na pima amonia kwanza, ikionekana hata kidogo usilishe, badilisha robo ya maji.

Umeme ukikatika je? Pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha. Usiku mmoja sikuwa nayo, nikakaa na kikombe, kila nusu saa nachota maji nayamwaga kutoka juu yapige povu, mpaka saa kumi alfajiri umeme uliporudi, na mawe yalipona.

Siku ya kuyarudisha nilipima amonia na nitriti, zote sifuri, afu nikanusa jiwe moja moja. Lililonuka bahari nikaliingiza tangini. Mawili yalikuwa bado na kaharufu ka yai kwa mbali, nikayaacha pipani wiki mbili zaidi.