Majani ya mchu: yanapimwaje kabla ya kuitwa dawa?

Mchu ni mti gani hasa?
Ni mmoja wa miti ya mikoko, kitaalamu *Avicennia marina*. Umejaa mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi delta ya Rufiji na kusini zaidi. Majani yake upande wa chini yana rangi ya kijivu, na jua likiwa kali hutoa chumvi: ukilamba jani utaionja. Watu wa pwani wamekuwa wakitumia majani na magome yake kwa vidonda na magonjwa ya ngozi.

Maabara wanafanya nini?
Majani huoshwa, hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa kwenye maji au spiriti. Yakichujwa na kimiminika kukaushwa, hubaki utomvu mzito. Kiasi kidogo cha utomvu huo hutiwa kwenye kipande cha karatasi cha duara chenye upana wa milimita 6, nacho huwekwa juu ya kisahani kilichopakwa bakteria, mara nyingi *Staphylococcus aureus*, wanaosababisha majipu. Kisahani hulala kwenye joto la nyuzi 37. Asubuhi, kama kuna kilichofanya kazi, utaona duara safi limezunguka karatasi. Hilo ndilo hupimwa kwa rula.

Pembeni lazima kuwe na karatasi ya antibiotiki inayojulikana, na nyingine yenye kiyeyushi kitupu, yaani maji au spiriti iliyotumika kuloweka, bila majani. Kwa mchu mimi ningedai pia karatasi ya maji ya chumvi, maana chumvi ya jani inaweza kuvuruga jibu.

Bakteria wakifa, si ndiyo dawa tayari?
Hapana, na hapa ndipo wengi tunapotea. Jiki nayo huua bakteria, na hakuna anayeinywa. Kinachotakiwa ni kujua kiasi kidogo kabisa kinachozuia bakteria, halafu kulinganisha na kiasi kinachodhuru mwili. Kipimo cha mwanzo cha sumu hutumia vijikamba vya maji chumvi (*Artemia*): huwekwa kwenye utomvu kwa saa 24, kisha waliokufa huhesabiwa. Baada ya hapo kuna majaribio kwa chembe hai (seli), kwa wanyama, na mwisho kabisa kwa binadamu, kwa kibali cha kamati ya maadili.

Kwa nini watafiti humhoji mganga namna anavyoandaa dawa?
Kwa sababu maandalizi hubadilisha dawa. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria ya artemisinini, alifanikiwa baada ya kusoma maandishi ya kale yaliyosema mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Akaacha kutumia moto mkali, uliokuwa ukiiharibu dawa.

Je, ninywe maji ya majani ya mchu?
Usinywe, hasa kama una presha, ugonjwa wa figo au mimba. Mikoko iliyo karibu na mito michafu ya mijini inaweza pia kufyonza madini mazito. Kidonda kinachonuka, kinachopanuka au kilicho kwa mgonjwa wa kisukari kipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nikitaka majani yangu yapimwe?
Muhimbili, Dar es Salaam, kuna Taasisi ya Tiba Asilia. Peleka kitawi chenye majani na maua ili mti utambuliwe bila utata, na uandike kilikochumwa. Tanzania mikoko ni misitu iliyohifadhiwa, hivyo omba kwanza kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu.